Seleniamu na ugonjwa wa thairoidi: nani ameze, kiasi gani, na aache lini

Vidonge vya mikrogramu 200 vya seleniamu, madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo, siku hizi huuzwa kwa kila mwenye tatizo la thairoidi, ile tezi ya shingoni, awe na rovu, uchovu au macho yaliyotokeza. Tangazo limeupita ukweli. Wapo wachache wanaonufaika waziwazi. Wapo wengi ambao namba moja ya maabara itashuka huku uchovu ukibaki palepale. Na wapo ambao kidonge hichohicho kitawaongezea tatizo la pili. Kabla ya kutoa pesa, jua uko fungu lipi, na ukimeza, meza kwa kipimo na kwa muda wenye mwisho.

Jambo moja litangulie yote: seleniamu haishiki nafasi ya levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, wala ya kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi inayozidisha homoni. Anayeweka kando vidonge vya homoni ili ajaribu madini kwanza anaiachia TSH, homoni ya kutoka ubongoni inayoisukuma tezi na hupanda tezi ikilegea, izidi kupanda, na baada ya miezi michache hurudi kliniki uso umevimba, mapigo ya moyo yamepoa, dozi inapangwa upya.

Kwanza jua unaumwa nini

Kuandikiwa "thairoidi" kwenye cheti hakutoshi. Kinga ya mwili huishambulia tezi hii kwa njia kuu mbili. Ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912, huila tezi polepole mpaka ishindwe kutoa homoni: baridi isiyoisha, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito, uzito kupanda. Ugonjwa wa Graves, ulioelezwa na Robert Graves wa Dublin mwaka 1835, ni kinyume chake. Humo kingamwili huichochea tezi itoe homoni kupita kiasi: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda huku anakula vizuri, na kwa baadhi yao macho yanawasha, yanavimba kope au yanatokeza.

Rovu linalotokana na upungufu wa madini joto (iodini), vinundu vya thairoidi na saratani ya thairoidi si magonjwa ya kinga kujishambulia. Huko seleniamu haina kazi ya kufanya.

Omba karatasi yenye TSH, T4 huru (homoni ya tezi iliyomo kwenye damu) na kingamwili za TPO, zile zinazoilenga tezi. TSH ikiwa chini sana, ongeza kipimo cha TRAb, yaani kingamwili zinazoichochea tezi, ambacho ndicho kinachothibitisha Graves. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, maabara nyingi huweka TSH ya kawaida kati ya 0.4 na 4.0 mIU/L hivi. Mpaka wa TPO hubadilika sana kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa hiyo kupata 60 maabara hii na 90 maabara ile hakumaanishi ugonjwa umekua. Rudi maabara ileile kila mara, na usitupe karatasi za zamani.

Madini haya yanafanya nini kwenye tezi

Hakuna kiungo chenye seleniamu nyingi kwa kila gramu kuliko thairoidi. Tezi inapounda homoni hutumia haidrojeni peroksaidi, kemikali ileile ya kusafishia vidonda, na vimeng'enya vyenye seleniamu ndivyo vinavyoizima isije ikaunguza seli za tezi yenyewe. Kisha homoni nyingi inayotoka ni T4, ambayo bado haijaanza kazi. Vimeng'enya vingine vyenye seleniamu, diodinasi, huiondolea atomu moja ya iodini ndipo inakuwa T3, ile ambayo seli zinaitumia.

Wauzaji huanzia hapo na kuruka moja kwa moja: madini yanaisaidia tezi, basi tezi mgonjwa iongezewe. Lakini vimeng'enya hivi vikishashiba, ziada haivichapuzi. Seleniamu ya plazma, yaani maji ya damu, ikifika mikrogramu 120 kwa lita hivi, protini ya damu inayoisafirisha huwa imefika ukomo wake, na kinachoongezwa juu ya hapo ni akiba tu, tena akiba yenye hatari. Ndiyo maana jaribio lililofanyika kwenye nchi yenye udongo maskini linaweza kuleta matokeo mazuri, na lilelile likirudiwa kwa watu wanaokula vizuri lisilete kitu.

Nani ana sababu ya kumeza

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya macho. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jaribio la Ulaya kwa wagonjwa 159 wa Graves waliokuwa na ugonjwa mwepesi wa macho, ulioanza karibuni. Baadhi yao walipewa seleniamu katika umbo la chumvi iitwayo selenaiti ya sodiamu, mikrogramu 100 asubuhi na 100 jioni, kwa miezi sita. Macho yalipata nafuu kwa asilimia 61 ya waliomeza seleniamu, dhidi ya asilimia 36 ya waliopewa vidonge tupu, visivyo na dawa ndani. Yaliyozidi kuharibika yalikuwa asilimia 7 dhidi ya 26. Wagonjwa hawa walitoka maeneo ya Ulaya ambako seleniamu ya chakula ni haba, na hilo lisisahaulike. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 umebaki na dozi hiyo na muda huo: miezi sita, kwa ugonjwa mwepesi ulio hai na wa karibuni.

Kama macho yako yameshapita hatua hiyo, yaani unaona vitu viwili viwili, jicho linauma ukilizungusha, rangi zinafifia au kope hazifungi ukilala, usipoteze hata wiki moja na vidonge vya madini. Rangi kufifia na kuona kupungua ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu mshipa wa fahamu wa jicho unabanwa. Na mvutaji wa sigara anayemeza seleniamu huku anaendelea kuvuta anafanya kazi bure. Kuacha sigara kunayalinda macho ya Graves kuliko kidonge chochote cha dukani.

Kwa Hashimoto mambo ni mepesi zaidi kuyasema na magumu zaidi kuyapokea. Tangu jaribio la Ujerumani la mwaka 2002, ambamo wanawake walipewa mikrogramu 200 kwa miezi mitatu, imejulikana kwamba seleniamu hushusha kingamwili za TPO. Hilo limerudiwa mara nyingi na halina ubishi mkubwa. Swali ni kama mgonjwa anajisikia vizuri zaidi. Denmark walilijibu kwa jaribio lililotolewa mwaka 2024: zaidi ya watu 400 wenye Hashimoto, wote wakiwa kwenye levothairoksini, nusu wakapewa mikrogramu 200 za seleniamu ya hamira kwa mwaka mzima, nusu vidonge tupu. Kingamwili zilishuka zaidi kwa waliopewa seleniamu. Maisha yao ya kila siku yalipata nafuu, lakini nafuu hiyohiyo waliipata pia wa vidonge tupu.

Kwa hiyo, ukiwa na Hashimoto, unatumia levothairoksini na TSH yako imekaa sawa, ushauri wetu ni usinunue. Pesa hiyo ipime feritini (akiba ya madini ya chuma), vitamini B12 na damu kamili. Uchovu unaobaki baada ya TSH kutulia mara nyingi una chanzo kingine, na kwa mwanamke mwenye hedhi nzito upungufu wa madini ya chuma ndio wa kwanza kushukiwa.

Anayebaki katikati ni mwenye Hashimoto ambaye TSH imepanda kidogo, hajaanzishwa homoni, na lishe yake ina samaki na nyama kidogo. Uchambuzi wa mwaka 2024 uliokusanya majaribio 35 ulikuta TSH ikishuka kidogo kwa wasiotumia homoni. Huyu anaweza kujaribu kwa miezi mitatu hadi sita, daktari akijua. TSH ikivuka 10, majaribio yameisha. Hiyo ni kazi ya levothairoksini.

Mjamzito ni habari nyingine. Utafiti wa Italia wa mwaka 2007 ulionyesha wanawake wenye kingamwili za TPO waliomeza mikrogramu 200 wakipata matatizo machache ya thairoidi baada ya kujifungua, asilimia 28.6 dhidi ya 48.6. Habari hiyo ikaenea sana. Hata hivyo, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya thairoidi katika ujauzito, wa mwaka 2017, unashauri wanawake hawa wasipewe seleniamu kwa sababu hiyo, maana ushahidi haujatosha na madhara yapo. Mahitaji ya mjamzito ni mikrogramu 60 kwa siku na ya anayenyonyesha ni 70. Vidonge vingi vya wajawazito vimeshaiweka humo, soma chupa.

Madini joto yatangulie

Kuna fundisho kutoka Kongo, wakati huo Zaire, ambalo kila anayeuza seleniamu angepaswa kulijua. Karawa, kaskazini mwa nchi, watu walikuwa na upungufu mkubwa wa madini joto na wa seleniamu kwa pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kilichotokea walipopewa mikrogramu 50 za seleniamu kwa siku kwa miezi miwili bila kurekebishiwa madini joto: kwa wale ambao tezi zao zilikuwa zimeharibika vibaya, T4 ilishuka zaidi na TSH ikapanda. Diodinasi zilizopata seleniamu ziliamka na kuanza kuivunja T4 kidogo iliyokuwapo, na tezi haikuwa na iodini ya kuunda nyingine.

Kwa hiyo anayeishi mahali ambako rovu ni la kawaida kijijini, na chumvi ya nyumbani ni ya mawe au ya kienyeji isiyotiwa madini joto, aanze na chumvi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Chumvi yenye madini joto ikiachwa wazi juani au kwenye chombo chenye unyevu hupoteza nguvu. Iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko.

Ila usivuke upande wa pili. Madini joto yakizidi huichochea Hashimoto na yanaweza kuamsha Graves. Chumvi ya kawaida inatosha. Matone ya iodini na vidonge vya mwani havihitajiki. Unga wa mwani unaouzwa kama dawa ya tezi hubeba iodini ya viwango vinavyotofautiana mno, na hakuna anayeweza kukuambia kijiko chako kimebeba kiasi gani.

Hesabu kilichomo kwenye sahani

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 kwa siku, na mtu wa pwani au wa kando ya ziwa anayekula samaki kila siku huenda ameshazipita bila kujua. Gramu 85 za jodari aliyepikwa zina karibu mikrogramu 90. Sadini wa kopo, kiasi hichohicho, wana 45, kamba 40 na kidogo, maini ya ng'ombe 28, kuku 22. Yai moja lina 15. Kikombe cha maharage kinakaribia 13, lakini hesabu ya mimea ichukuliwe kwa tahadhari: samaki wa bahari hubadilika kidogo, ilhali mahindi na maharage huchukua kile tu ambacho udongo unatoa. Malawi, ambako udongo mwingi una tindikali na chakula kikuu ni mahindi, upimaji wa damu ulionyesha upungufu ulioenea, na waliokaa karibu na ziwa wakawa na hali bora zaidi.

Hesabu hii inawahusu pia walio ughaibuni. Ngano ya Marekani na Kanada hulimwa kwenye udongo wenye seleniamu nyingi, kwa hiyo mkate wa kawaida huko unakulisha vya kutosha, na kidonge juu yake ni ziada. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya udongo ni maskini. Finland waliona tatizo hilo wakaamua kutia seleniamu kwenye mbolea kuanzia miaka ya 1980.

Karanga za Brazili zinastahili aya yake, kwa sababu watu hushauriana wale mbili kila siku badala ya kidonge. Kwa wastani wa majedwali ya Marekani, moja ina mikrogramu 70 hadi 90. Wastani huo ni wa kupotosha: karanga za mti mmoja zinaweza kuwa na chache sana, na za mti wa bonde jingine zikawa na mara nyingi zaidi. Kama unazipenda, kula moja siku chache kwa wiki kama kitafunwa. Usizihesabu kama dozi, na usizile pamoja na vidonge.

Kuisoma chupa

Anza na kizio. Seleniamu hupimwa kwa mikrogramu, zinazoandikwa mcg au µg. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Anayeona "200" akaichukulia kuwa ni miligramu, au anayenunua unga wa kemikali mtandaoni ili ajipimie nyumbani, yuko hatua moja kutoka kwenye sumu ya kuua. Usinunue unga. Mizani ya jikoni haiwezi kupima mikrogramu.

Kisha tazama kama namba ni ya seleniamu yenyewe au ya chumvi iliyoibeba. Selenaiti ya sodiamu kavu ni asilimia 46 tu seleniamu, kwa hiyo mikrogramu 440 za selenaiti ndizo zinazotoa 200 za seleniamu. Selenomethionini, aina nyingine ya seleniamu ya vidonge, ni asilimia 40: unahitaji 500 kupata 200. Hamira yenye seleniamu mara nyingi huandikwa kwa miligramu za hamira, halafu kwa herufi ndogo seleniamu iliyomo. Inayokuhusu ni hiyo ya herufi ndogo. Kama chupa haisemi wazi, irudishe rafuni.

Aina ipi? Selenomethionini na hamira hufyonzwa vizuri zaidi, lakini mwili huichanganya selenomethionini na methionini ya kawaida, kijenzi cha protini, na kuijenga ndani ya misuli, kwa hiyo hujilimbikiza. Selenaiti hufyonzwa kidogo zaidi na haijilimbikizi namna hiyo. Jaribio la macho lilitumia selenaiti. Kwa macho tunapendelea ufuate hiyohiyo ikipatikana. Ukitumia selenaiti, usiimeze pamoja na vitamini C nyingi, maana inaigeuza kuwa seleniamu isiyofyonzwa. Acha saa moja au zaidi kati yao.

Mwisho, soma viambato vingine vyote. Chupa zinazojitangaza kuwa ni za thairoidi mara nyingi zina mwani au iodini, zina biotini ya nywele na kucha, zina madini ya chuma, kalisiamu na zinki. Zipo pia zenye unga wa tezi za wanyama. Uchunguzi uliofanyika Marekani ulikuta homoni halisi za thairoidi ndani ya vidonge vya aina hii vilivyouzwa bila cheti cha daktari. Tafuta chupa yenye seleniamu peke yake.

Fanya hesabu hii kabla ya kulipa. Mtu anakunywa vitamini za kila siku zenye mikrogramu 55. Anaongeza kidonge cha 200. Anakula karanga moja ya Brazili, tuseme 80. Chakula chake cha kawaida kina 60. Jumla ni 395. Kikomo cha Marekani kwa mtu mzima ni 400 kwa siku, na mamlaka ya Ulaya mwaka 2023 iliteremsha chake hadi 255, kwa kuwa upotevu wa nywele ulionekana kwa watu waliokuwa wakipata takriban 330. Huyu hajafanya lolote la ajabu, na ameshakipita kikomo cha Ulaya kwa mbali.

Kumeza bila kuharibu levothairoksini

Levothairoksini humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Chai ya maziwa, kahawa, uji wa soya na vidonge vya chuma au kalisiamu huizuia isifyonzwe. Seleniamu peke yake haina ugomvi mkubwa nayo, lakini kwa kuwa chupa nyingi zimechanganywa, ratiba salama ni hii: levothairoksini saa 12 asubuhi, chai saa 1, seleniamu pamoja na chakula cha mchana, vidonge vya chuma au kalisiamu jioni. Chuma na kalisiamu vikae mbali na levothairoksini kwa saa nne au zaidi. Seleniamu kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu kwa baadhi ya watu, ndiyo sababu ya kuipeleka kwenye chakula.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hupinduka. Wengi huweza kumeza levothairoksini wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya mlo wa mwisho, au kuamka mapema na kumeza nusu saa hadi saa moja kabla ya daku. Seleniamu ihamie kwenye futari. Chagua wakati mmoja na uushike mwezi wote, kwa maana kubadilisha kila usiku kutaitikisa TSH.

Jambo dogo linaloleta balaa: levothairoksini na seleniamu zote zinaweza kuandikwa mcg 100, na zote huweza kuwa vidonge vidogo vyeupe. Usizihamishie kwenye kikopo kimoja. Mzee anayepangiwa dawa na mjukuu akimeza levothairoksini mbili badala ya moja na moja, moyo utamwambia ndani ya siku chache.

Dozi yenyewe haihitaji kupandishwa polepole. Kwa macho, 100 mara mbili kwa siku. Kwa Hashimoto ya yule wa katikati, 200 ndiyo iliyofanyiwa majaribio zaidi, lakini mla samaki wa kila siku abaki na 100 au asimeze kabisa. Watoto wasipewe.

Vipimo njiani

Kipimo cha seleniamu ya plazma kipo, ingawa si kila maabara inacho, na sampuli mara nyingi husafirishwa. Kikiwezekana, kifanyike kabla ya kidonge cha kwanza. Damu ichukuliwe kwenye kichupa cha madini madogo, chenye kifuniko cha buluu iliyokolea. Vichupa vya kawaida huweza kuchafua jibu. Majibu yakija kwa mikromoli, zidisha kwa 79 kupata mikrogramu kwa lita. Chini ya 70 ni upungufu unaoeleweka. Juu ya 120, hakuna sababu ya kumeza. Usipime ukiwa na malaria au homa kali, kwa kuwa uvimbe mwilini huishusha namba hii hata kama akiba ipo.

TSH na T4 huru zirudiwe baada ya wiki sita hadi nane, kisha mwisho wa miezi mitatu. Usipime mapema zaidi. TSH huchelewa kutulia. Kingamwili za TPO zipimwe mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni, basi. Kuzipima kila mwezi ni kuchoma pesa, na hakuna daktari anayepanga dozi ya levothairoksini kwa kuzitazama.

Biotini ndiyo inayoharibu majibu mengi. Mashine nyingi za homoni hutumia biotini katika upimaji wake, na mtu aliyemeza miligramu 5 au 10 za kukuza nywele hupata TSH ya chini na T4 ya juu za uongo. Karatasi inasoma kama Graves, na mtu ameshawahi kuanzishiwa kabimazoli kwa ugonjwa asionao. Acha biotini siku mbili kamili kabla ya kutoa damu, na kama dozi ni kubwa zaidi, mwambie fundi wa maabara kabla hajachoma sindano.

Ikizidi

Dalili ya mwanzo inayotambulika kirahisi ni pumzi yenye harufu ya kitunguu saumu kwa mtu ambaye hajakila. Mwili unajaribu kuitoa seleniamu kupitia mapafu. Hufuata ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu, kuharisha, hasira za ghafla. Halafu kucha: mistari myeupe inayokatiza, kucha kuwa laini, kupasuka, hata kung'oka. Nywele hutoka mafungu mafungu kwenye chanuo. Hapa wagonjwa wengi hujidanganya, kwa sababu nywele kukatika ni dalili ya thairoidi pia. Anadhani tezi imezidi, anaongeza kidonge, nywele zinazidi kutoka. Ukimeza seleniamu na nywele zikaanza kupungua, acha kwanza, kisha pima TSH. Usifanye kinyume.

Mwaka 2008 nchini Marekani, kirutubisho cha maji kilichoandikwa mikrogramu 200 kwa dozi kilikuwa na takriban mara 200 ya hapo kwa kosa la kiwandani. Watu 201 waliugua, wengi kwa kuharisha, maumivu ya viungo, na kupoteza nywele na kucha. Waliofuata maelekezo ya chupa barabara ndio walioumia. Kwa hiyo dalili zikianza, usitetee chupa kwa sababu lebo inasema 200.

Wenye kisukari cha aina ya pili au wanaokikaribia wasimeze bila upungufu uliopimwa. Katika jaribio la muda mrefu la Marekani, waliopewa mikrogramu 200 kwa siku walipata kisukari zaidi. Jaribio hilohilo, lililofanywa kwa watu waliowahi kuugua saratani ya ngozi, lilikuta aina moja ya saratani hiyo ikirudi zaidi kwa waliomeza. Mwenye ualbino aliyewahi kukatwa uvimbe wa ngozi ajihesabu humo. Na Denmark, waliomeza 300 kwa siku kwa miaka mitano walionyesha vifo vingi zaidi miaka kumi baadaye.

Kuacha

Andika tarehe ya kuacha juu ya chupa siku unayoifungua. Kwa macho ni miezi sita. Kwa Hashimoto ni mitatu, na sita kama TSH inashuka kweli. Mwisho ukifika, weka karatasi mbili mezani, ya mwanzo na ya sasa. Kama TSH haijasogea na wewe hujisikii tofauti, jibu limepatikana, hata kama TPO imeshuka kutoka 600 hadi 400.

Huhitaji kupunguza kidogo kidogo. Unaacha siku moja. Selenomethionini iliyojijenga mwilini itaendelea kutoka kwa wiki kadhaa, kwa hiyo harufu ya pumzi au kucha mbovu hazitaondoka kesho yake. Kucha hasa husubiri mpaka ziote upya, miezi mitano au sita ya vidole vya mkono. TPO huenda ikapanda tena ndani ya miezi michache. Usifungue chupa nyingine kwa sababu hiyo. Rudia TSH baada ya wiki nane, na kama iko ndani ya mipaka, endelea na levothairoksini yako kama kawaida na upime tena baada ya miezi sita.